Turubai la Kituo cha Anga, Bangwe

Jumatatu, 1 Septemba 1997
Mzee Isaka, Mkurugenzi wetu, ametuita. Bangwe nzima, hapa Kigoma, inasema ungo wa setelaiti ulio juu ya paa la kituo unafukuza mvua. Jumamosi wanakuja wageni wa shirika la wakimbizi. Wanataka picha zetu za setelaiti, wajue kuni na maji vimebaki wapi karibu na makambi. Lakini hawatashirikiana na kituo kinachokimbiwa na majirani zake. Lazima wakute wananchi! Nafasi ya kudumu ni moja, makarani ni wawili: mimi Elinipa na Leonida wa mapokezi. Atakayeleta watu atabaki. Kule Same baba ameshatangaza kanisani kwamba mwanawe anafanya kazi angani. Sirudi!

Jumanne, 2 Septemba
Mpango: kesho usiku, darubini kwa wananchi wote. Hakuna mwezi, nyota zitaonekana kama unga uliomwagika. Nimebandika matangazo mpaka soko la Ujiji. Leonida, mzaliwa wa hapa hapa Bangwe, akauliza kama nimezungumza na wavuvi. Nikamjibu kwamba nyota haziombi ruhusa kwa wavuvi. Akasema haya, bwana msomi. Anatafuta kuniibia mbinu. Simwambii kitu tena.

Alhamisi, 4 Septemba
Aibu! Hakuja mtu. Ziwa zima lilikuwa limejaa taa za karabai. Kumbe giza ndilo la kuvulia dagaa. Wanaume wako majini, wanawake wanalala mapema ili wawahi kuanika. Hupumzika mwezi ukiwa mkubwa. Sasa nani alipaswa kuniambia? Leonida anasema ni yeye, na aliniambia. Aliyechungulia ni mlinzi wetu Dismasi peke yake, na aliielekeza darubini ziwani kumtafuta shemeji yake. Ila amenipa wazo. Anasema watu wa huku hawafuati karatasi, wanafuata wanachokiona. Basi wataona! Turubai!

Ijumaa, 5 Septemba
Mzee Isaka amekwenda Kasulu kuwachukua wageni. Nimekodi turubai, viti na masufuria makubwa. Vitawekwa nje ya geti alfajiri. Tatizo: nani atawapokea wananchi kabla Mkurugenzi hajafika? Nimepata jibu. Picha yake kubwa ya ofisini, juu ya meza yenye kitambaa cheupe, na maua pembeni. Mimi ni hodari!

Jumamosi, 6 Septemba, asubuhi
USHINDI! Jua halijawa kali na viti vimejaa. Na wana ukarimu wa ajabu! Huyu kaleta kuni, huyu maharage, yule unga wa muhogo. Wanawake wamejifunga kanga viunoni, wametandika mikeka, wameshika masufuria bila kuombwa. Bi Mwanvua, jirani anayetutukana kila siku kwa ajili ya mvua, alisimama mbele ya picha akasema Mzee Isaka alikuwa mtu mwema. Nikamwambia hata sasa ni mwema. Akanikumbatia. Wazee wakauliza mzee analetwa saa ngapi. Nikawajibu yuko njiani, gari limeshapita Kidahwe. Vilio! Sijapata kuona watu wanaopenda sayansi namna hii.

Mama mmoja mkimbizi, anayefanya vibarua katika shamba la jirani yetu, akaniomba nimwonyeshe kilima chao ng'ambo, kule Burundi, katika picha yetu ya setelaiti ya ziwa. Wingu lilikuwa limekifunika. Akaweka kidole juu ya wingu. Akasema basi huko imenyesha, maharage yatakubali. Nilimweleza kwamba vidole vinaacha alama kwenye picha. Hakukiondoa. Nikamshikia picha.

Leonida amefika. Katazama turubai, picha, maua. Kajifunika uso kwa kanga, mabega yanamtetemeka. Wivu!

Jioni
Mzee Isaka alishuka garini. Bi Mwanvua akaanguka chali. Viti vikaruka, watu wakakimbilia ziwani na nguo zao. Mzee akaiona picha yake, akayaona maua, akaniona mimi. Nikajificha nyuma ya sufuria. Dismasi alimkaribia, akamgusa shavu, akapaza sauti: "Ana joto!" Vigelegele! Wote wakarudi. Walimshika mikono, walimfuata mpaka ndani kwenye mitambo, Bi Mwanvua akitaka kujua ungo uliomfufua ni upi. Wageni wakasema hawajawahi kuona mkurugenzi anayependwa hivi.

Jumatatu, 8 Septemba
Wageni wametia saini. Mzee Isaka alishinda jana akizunguka Kigoma kujionyesha kwamba yu hai. Leo kaniita. Nafasi ya kudumu haijatoka kwa yeyote. Mimi na Leonida tutaandaa pamoja sherehe ya wananchi ya Desemba, ndipo ataamua. Akanionya nisifanye lolote kabla ya kuwauliza wenyeji. Nikaapa.

Nimelitafakari kosa langu kwa makini. Turubai lilikosa furaha! Safari hii nakodi matarumbeta. Mapambo meupe kila mahali. Meza kuu yenye viti viwili vya kifahari, changu na cha Leonida, naye atavaa lile koti jeupe la maabara. Keki ya ghorofa yenye umbo la setelaiti, tutaikata pamoja. Baba nimeshamwandikia aje kutoka Same, akae mbele na wazazi wa Leonida. Leonida mwenyewe nitamwambia siku hiyo hiyo. Akijua mapema ataanza ushauri wake.