Nilivyomwekea Mama Mkwe Nyongeza ya Mazishi

Leo nimejiaibisha, na kosa ni langu peke yangu. Nimemfanya mama mkwe afungashe begi.

Mke wangu kajifungua juzi juzi. Mama yake katoka Kintinku kuja kumhudumia. Akiondoka, jikoni naingia mimi (na uji wangu huwa mabonge).

Asubuhi kaja dada mmoja, wakala wa bima ya maisha. Bima yenyewe nilishakubali. Ilibaki kuchagua nyongeza.

"Kaka, nyongeza ya ajali?"

"Mimi mtu wa ndani. Ajali itanikuta kwenye kochi?"

"Magonjwa makubwa?"

Nikasema nitafikiria. (Uongo. Niliogopa hata kuyataja.)

"Ipo pia ya mazishi ya wazazi na wakwe. Turubai, chakula, usafiri wa wafiwa."

Hapo moyo ukalainika. Nikajiona mkwe wa mfano. "Muweke mama mkwe."

"Ana umri gani? Ana ugonjwa wa muda mrefu?"

Sasa, kwetu mwanaume hamkabili mama mkwe akaanza kumhoji. Ukiwa na neno, unampitishia mtu. Jirani yetu Mama Zawadi alikuwa kaleta maziwa ya mzazi, nikamnong'oneza ujumbe mzuri kabisa, wenye shikamoo ndani yake. Akaenda mlangoni pa jikoni, akaufupisha, kwa sauti ya kuitia ng'ombe:

"Mama, mkweo anajiandaa na msiba wako. Anauliza una miaka mingapi na unaumwa nini."

Mwiko ukaacha kukoroga. Nilisikia kutoka sebuleni.

"Mwambie siumwi. Na muulize kama kaburi kashachimba."

Mama Zawadi akanigeukia. "Anauliza kama kaburi umeshachimba."

(Nilikuwa nimesikia, asante.)

"Mwambie sijachimba." Ndilo jibu nililotoa. Mtu mzima, nina kidato cha nne.

"Mama, anasema bado hajachimba."

Hiyo "bado" kaiongeza mwenyewe.

Mama mkwe akapita kwenda chumba cha wageni. Nikasikia zipu ya begi. Mke wangu kutoka kitandani akaniita kwa jina langu lote, hadi la ukoo. Wakala akakumbuka ana kikao, akaacha chai nusu kikombe.

Baadaye ujumbe ukaja, kwa njia ile ile: mama habaki kwangu, anahamia kwa Mama Zawadi. Atakuja kila siku kumuogesha mjukuu. Uji apike mwenye bima.

Nimeupika. Mke wangu kautazama, kautafuna kidogo, karudisha bakuli. Nikatoka hadi uani, nikamuuliza Mama Zawadi, yeye yuko upande wa pili wa ua, nimuombe mama msamaha kwa njia gani. Hata hakuacha kuanika nguo:

"Mchinjie kuku. Akiuliza wa nini, nyamaza. Wewe ukieleza ndiyo unaua kabisa."