Mashanza ya Mama Mkwe

Jumatano, 12 Juni

Friji imenyamaza. Taa ya ndani inawaka, mota kimya. Nimezungusha kitufe cha baridi mbele na nyuma. Wapi! Thermostat, ile inayoiwasha mota na kuizima ikishapoa, imekufa. Na Jumamosi wakwe wanaleta mahari ya binti yetu Ornella. Mke wangu Colombe anataka tuite frigoriste, fundi wa friji. Ndugu yake Gentil, anayeuza vinywaji mtaani Cimpunda, amejitolea kutuazima friza yake. Nimekataa vyote viwili. Mimi, baba wa bibi harusi, niwanyweshe wakwe baridi ya Gentil? Hapana!

Alhamisi, 13 Juni

Mama mkwe, Maman Madeleine, amefika kutoka Katana na bidoni ya mashanza. Maziwa mgando ya ng'ombe wake mwenyewe, ya kuwapokelea wageni. Ameipakata njia nzima. Akaniuliza kama friji inafanya kazi. Nikamjibu, "Iko bien, maman." Uongo mtupu! Nikajifungia jikoni, nikang'oa thermostat, nikaunganisha nyaya zake mbili moja kwa moja. Ikanguruma! Colombe akauliza nani ataizima ikishapoa. Nilicheka sana. Bukavu hii? Umeme utakatika wenyewe kabla ya chakula cha jioni, kama kawaida. Thermostat gani inaushinda huo?

Ijumaa, 14 Juni

Umeme haujakatika. Mtaa mzima unashangilia. Watu wanapiga pasi hata soksi. Mimi peke yangu nasali ukatike. Friji inanguruma tu, haipumui. Nikichomoa prise ukutani, Colombe atajua kwamba alisema kweli. Nangoja.

Jumamosi, 15 Juni

Aibu! Aibu tupu!

Wakwe wameketi, hotuba zimeisha, nikaitwa nilete maziwa. Bidoni imekuwa jiwe. Nimeitikisa, nimeipiga, nimeikumbatia. Bia zimepasuka zote. Gentil alisimama mlangoni mwa jikoni akaona kila kitu. Hakucheka. Afadhali angecheka.

Nikatoka, nikawaambia wageni kosa ni la umeme. Wakauliza, ulikatika? Nikasema hapana, haukukatika. Wakatazamana. Ornella akainamisha kichwa, na mahari ilikuwa bado mikononi mwa wenyewe.

Ndipo mama mkwe akainuka. Akaichana bidoni kwa kisu, akavunja mashanza vipande vipande kwenye mabakuli, akawaambia, "Kwetu Katana, siku kubwa tunakulaka yake na kijiko. Mukule tu, batoto yangu." Wakala. Wakasifu! Mzee wao akaomba kuongezwa. Mahari ikapokelewa, vigelegele vikapigwa.

Akirudi jikoni alipita karibu nami, akaninong'oneza, "Papa Ornella, ulisema iko bien." Basi. Nimeona haya mpaka masikio yananiwaka.

Jumapili, 16 Juni

Siwezi kumtazama mama mkwe usoni. Jana jioni Gentil alimtuma frigoriste akatia thermostat mpya. Friji inapoa, inapumzika, inaamka. Nimeapa mbele ya Colombe kwamba sitaigusa tena maisha yangu yote.

Lakini toba bila tendo si toba. Mama mkwe anataka kitenge chake cha Misa kipigwe pasi, kile kizuri alichokivaa jana. Nimejitolea. Colombe alikunja uso, mama mkwe akamwambia aniache, nami ni mtoto wake. Nilikaribia kulia.

Pasi imekataa kupata moto. Nimeifungua. Kumbe nayo ina thermostat! Nimeunganisha nyaya moja kwa moja. Sasa inawaka ajabu. Nimeilaza juu ya kitenge nipate kuandika haya kidogo. Hakuna wasiwasi: umeme utakatika sasa hivi.