Kigelegele cha Dirishani

Jamani, leo sina uso. Si wa kutoka nje, si wa kwenda dukani, hata wa kufunga dirisha sina. Nawaandikia nimejifungia chumbani, na huko sebuleni nawasikia wanawake wanakula halwa na kunitaja jina.

Nianze mwanzo.

Wanaonijua wanajua nina pleya ya CD. Ile ya mviringo, ya kubeba mkononi, inayotumia betri. Kifuniko chake hakishiki tena, nimekifunga kwa mpira wa nywele (wa rangi ya waridi, ndio uliokuwepo). Kazini kwetu Mbaraki wamenicheka mpaka wamechoka. Mwenzangu Mwikali alipoiona mara ya kwanza aliniuliza, "Zuhura, hicho ni chombo cha chakula ama?" Watu wana nyimbo chungu nzima kwenye simu, mimi natembea na sahani moja. Tena kutembea kwenyewe ni kwa adabu, maana ikiinama kidogo tu inagugumia, kwa hiyo naibeba kama nimebeba bakuli la mchuzi.

CD nayo ni moja tu. Ni ya usiku wa harusi ya dada yangu Maimuna. Mpiga video alitutolea sauti peke yake, na humo Mama ndiye anayeongoza vugo, zile nyimbo za wanawake za harusini. Mama ameshafariki. Picha zake ninazo, leso zake ninazo, lakini sauti yake imebaki humo tu. Nilijaribu kuihamishia kwenye simu. Kila kompyuta niliyoitia iliitema, kwa jinsi CD ilivyojaa mikwaruzo. Pleya yangu hii ndiyo pekee inayokubali kuimeza, na yenyewe mpaka ibembelezwe.

Anayejua kuibembeleza ni mtu mmoja, Athmani, fundi wa redio kule Mwembe Tayari. Anafungua, anapuliza, anapangusa lenzi kwa pamba, kisha anarudisha mpira wangu wa nywele vile vile nilivyoufunga. Ni mpole, hana maneno mengi, na alifiwa na mkewe zamani. Juzi juzi akamtuma dada yake, Bi Mwanakhamisi, aje kuniposa.

Nikaomba muda nifikiri. Tangu siku hiyo mtaa mzima unanitazama mdomo.

Kusema kweli, Athmani sina dosari ya kumtoa. Kilichonikwamisha kilikuwa kingine. Kwanza, niliogopa kwamba namtaka kwa ajili ya lenzi. (Chekeni, lakini nikimkataa, nani ataipangusa? Na nikimkubali kwa sababu hiyo, huyo ni mume au ni gereji?) Pili, na hili nalisema wazi, nilikuwa namtaka Mama. Kwetu posa ikikubaliwa, mama wa binti ndiye anayepiga kigelegele, mtaa ujue. Mimi ni mtu mzima, mvi zimeshaanza kuniamkia, lakini kila nikifikiria kusema ndiyo, naiona nyumba imekaa kimya baada ya neno hilo. Kimya hicho sikukiweza.

Sasa leo. Jumamosi, niko peke yangu ghorofani, nyumba yetu hii ya Mji wa Kale ambayo sakafu yake imelala upande. Asubuhi nilinunua betri mpya. Pleya inataka pahali palipo sawa, na pahali palipo sawa humu ndani ni kwenye kizingiti cha dirisha tu. Waya wa hedifoni nao ni mfupi, ulikatika ukaungwa, ukakatika tena. Kwa hiyo nikaiweka dirishani nikasimama nayo papo hapo, shingo nimeinyoosha, kichwa nusu kiko nyumbani, nusu kiko njiani.

Betri mpya zina nguvu, jamani. Ilikuja sauti ambayo sijaisikia kwa miaka. Nilimsikia Mama anavuta pumzi kabla ya kuimba. Nilikuwa nimesahau kwamba alikuwa akivuta pumzi vile. Nikachukua mwiko, nikawa nagonga sinia taratibu kumfuatisha. Mabega yakaanza kwenda yenyewe. Macho nimeyafumba.

Katikati ya CD kuna pahali Mama anakatiza wimbo. Anasema, kwa sauti yake ile ya kuamrisha, "Zuhura, mbona wanyamaza? Hebu piga kigelegele, harusi yako nayo yaja." Usiku ule nilikuwa msichana mwenye haya, sikupiga. Kwenye CD hasikiki mtu akijibu, wanasikika wanawake wakicheka. Tangu afariki, kila nikifika hapo namjibu kwa kunong'ona.

Leo sikunong'ona. Sijui ni betri, sijui ni hamu iliyonijaa siku zote hizi. Nilimjibu kwa kifua chote.

Mimi mwenyewe sikukisikia kigelegele hicho, masikio yalikuwa yameziba. Nimeambiwa baadaye kwamba kilifika kwa muuza kahawa wa kona ya pili, naye akaacha kumimina.

Dirisha la mkabala ni la Bi Rehema, shoga yake Mama. Njia ni nyembamba, chumvi tunapeana kwa mkono. Alikuwa anachagua mchele. Akakiona kichwa changu kiko nje, akasikia kigelegele, na habari ya posa anaijua. Mtu angeelewa nini kingine? Akakipokea. Nyumba ya pili wakakipokea. Ya tatu nao wakakipokea. Mimi huku, vigelegele vikinipenyea kwa mbali, nadhani ni vya kwenye CD. Nikawa najisemea, hizi betri ni za ajabu, leo nasikia mpaka watu ambao sijawahi kuwasikia.

Nilipofumbua macho sebule ilikuwa imejaa.

Mlango wetu mchana haufungwi, wameingia wote. Mbele kabisa ni Bi Mwanakhamisi, dada yake Athmani, na sinia la halwa. Mimi nina dera la kulalia, mwiko mkononi, bega moja bado liko juu.

Bi Rehema akanibandua hedifoni. "Alhamdulillahi mwanangu, Mungu awape kheri. Lakini wewe nawe, mposwa hajipigii kigelegele. Si ungeniita nikupigie?"

"Mwache," akasema Bi Mwanakhamisi, "furaha imemshinda. Ndugu yangu nshampigia simu, amefunga duka."

Amefunga duka. Jumamosi, siku ya wateja. Nikatamani ardhi ipasuke.

"Bi Mwanakhamisi," nikasema, "niwieni radhi. Sijatoa jibu lolote. Nilikuwa namjibu Mama."

Wakatazamana. Mama amezikwa, wengine wao ndio waliomuosha. Mmoja kule nyuma akaanza kusoma Ayatul Kursi chini chini, ile aya ya kufukuzia mashetani. (Kwa ajili yangu. Nyumbani kwangu.)

Ikabidi nieleze, pleya, mpira wa nywele, betri na vyote. Hawakunielewa mpaka nilipomvisha Bi Rehema hedifoni na kurudisha nyuma kidogo. Alisikiliza. Akaketi chini pale pale dirishani.

"Ni yeye," akasema kwa kelele, maana mwenye hedifoni hajui sauti yake inavyotoka. "Ni yeye hasa! Na huyu anayecheka ni mimi!" Machozi yakamtoka, akawa analia na kucheka na kugonga goti kwa mapigo ya vugo, yuko harusini kwa Maimuna, kwetu hayupo tena.

Bi Mwanakhamisi alikuwa bado ameshika sinia lake, uso umemshuka. "Sasa mimi nimwambie nini yule?" Akapiga simu, akaifungua sauti watu wote wasikie, akanisogezea. "Zungumza naye mwenyewe."

Nikamweleza Athmani mbele ya mtaa mzima. Akauliza, "Ilifika pale mamako anapokuita?"

"Wajuaje wewe?"

"Kila nikimaliza kuitengeneza hujaribu pale. Ikipita bila kugugumia najua imepona. Na kila mara nabaki nangoja utajibu nini." Kisha akasema, "Waambie wale halwa, haina neno. Jibu la kukosea mimi silitaki. Na Jumatatu niletee hiyo pleya niipanguse lenzi. Ukikubali, ukikataa, lenzi nitaipangusa."

Ile hofu ya gereji ikaniisha hapo hapo. Ikabaki ile nyingine, ya nyumba kukaa kimya. Nikageuka nikaitazama nyumba. Bi Rehema anagonga goti na kuimba kwa makosa. Wanawake wanagombania nani avae hedifoni baada yake. Yule wa Ayatul Kursi ameshafika kwenye halwa. Kimya nilichokuwa nakiogopa sikukiona.

Nikamwambia Athmani, "Basi sikiliza."

Nikapiga cha pili. Hiki nilikisikia mwenyewe, na kilifanana na cha Mama, nilishtuka kidogo. Kwenye simu kikasikika kitu kimeanguka, bisibisi nadhani. Bi Rehema akavua hedifoni, akanitazama, akawatazama wenzake.

"Kajipigia tena?"

Kwa hiyo ndiyo hivyo. Mtaa wote unajua Zuhura alijipigia kigelegele mwenyewe, mara mbili, na mara ya pili kwa makusudi. Naombeni msinicheke. Na mtakaokuja harusini, vyombo sitaki. Nileteeni betri, Mama atakuwa na kazi usiku huo.