Tajiri wa Kobe

Jumatano, 11 Juni 2025

Nimeacha kucheza poka! Kwa mkono wangu sichezi tena. Wiki nzima naliwa kwenye meza za mtandaoni za buku buku, elfu moja kila dau, na jana nimeliwa nikiwa na malkia watatu. Watatu! Kuanzia leo mimi ni mwekezaji. Wengine watoke jasho, mimi nitoe mtaji, tukishinda tunagawana nusu kwa nusu. Nimejipa jina jipya mchezoni: Tajiri wa Mpakani. Nimelichagua nikiwa nimekaa juu ya robota la mitumba. Sijauza hata soksi tangu asubuhi.

Mchezaji nimeshampata. Anajiita Kobe. Anatupa karata, anatupa, anatupa, halafu anakula meza nzima. Subira huvuta heri, na nusu ya heri hiyo ni yangu.

Alhamisi, 12 Juni

Mume wangu Eliakim kasema baba yake anakuja Jumapili kutoka Itumba, kule Ileje. Kaniachia hela ya jogoo na nyama. Kaonya isiguswe, tena mbele ya dada yake Tumpale, kana kwamba mimi ni mtu wa kugusa!

Tangu niolewe sijawahi kumtazama baba mkwe usoni. Kwao Ileje ndivyo ilivyo: mke wa mwana akisikia kikohozi cha baba mkwe anakimbilia jikoni, na salamu zinapitia kwa mtu. Kwa hiyo heshima yangu yote kwake iko kwenye sufuria. Akila vibaya, milima yote itajua.

Hela nimemtumia Kobe. Ya siku moja tu! Kesho kuna shindano. Inatumwa humohumo mchezoni, kwa majina ya utani, hakuna kujuana. Aende jogoo mmoja, warudi watatu.

Ijumaa, 13 Juni

KASHINDA! Nimetazama shindano lote nikiwa nyuma ya mzigo. Mama mmoja wa Nakonde, ng'ambo ya mpaka, kaondoka na sweta bila kulipa, na aende tu. Kobe kamtisha mtu kwa karata mbovu mpaka mtu kakimbia na karata zake nzuri. Nimepiga kigelegele. Tumpale, tunayeuza naye meza moja, kauliza kuna nini. Nimesema nimekumbuka harusi yangu.

Nimemwandikia Kobe alete nusu yangu. Kanipongeza, kasema kesho.

Jumamosi, 14 Juni

Kimya. Nimeandika kwa adabu. Kimya. Nimeandika bila adabu. Jioni kajibu kwamba yuko kwenye maandalizi ya safari, mtandao wa milimani unasumbua, na kuna zawadi ya kifamilia kainunua kwa hela yetu, tutaelewana. Hela YETU! Huyu si kobe, ni fisi!

Tumpale kauliza jogoo yuko wapi. Nimesema ataletwa asubuhi, akija leo atatuwikia usiku kucha. Kanitazama kama anayesoma tangazo.

Jumapili, 15 Juni

Maharage. Tena yale aliyotuletea baba mkwe mwenyewe mwezi uliopita. Tumpale kayabeba mpaka sebuleni kwa maringo, kama anapeleka sadaka. Eliakim kaja jikoni kufunua sufuria moja moja.

Nyuma ya pazia la jikoni hasira zikanipanda. Nikamwandikia Kobe kwamba ni mwizi, kala jogoo wa mgeni wangu. Sebuleni simu ikalia. Nikamwongezea tusi lingine. Simu ikalia tena. Nikatuma herufi moja tu, kujaribu. Ikalia. Baba mkwe akakohoa, akamwambia Eliakim hao ni wazee wenzake wa kanisa, hawana Jumapili.

Mara jibu likaingia kwangu. Kobe ananisihi nitulie, yuko kwa mkwe wake, ile zawadi ni kitenge cha huyo mkwe. Ila wamempa maharage. Hajui hela ya nyama wameifanyia nini.

Nimekaa chini. Nimdai? Kwa mdomo upi, wakati hata jina lake silitamki? Nimseme? Nitajisema mwenyewe.

Tumpale kaniletea kitenge. Cha bluu, kizuri mno. Mzee kasema maharage yalikuwa laini, anashukuru. Nimelia! Aibu imenishika mpaka masikioni. Mzee wa watu kanikumbuka, na mimi nimemlisha maharage yake mwenyewe. Nimetuma asante kupitia kwa Tumpale, na nimeapa: mambo ya poka basi, yamekwisha.

Jumatatu, 16 Juni

Baba mkwe kaondoka asubuhi. Kaagiza kitenge nikishone, nikivae kanisani.

Mchana Kobe kaandika. Kaniomba radhi, nusu yangu atailipa. Ijumaa kuna shindano kubwa kuliko lile, tatizo hana mtaji.

Nimefikiri kwa makini, kama mwekezaji. Kobe ni hodari. Hawezi kunikimbia, maana kwake napajua. Tena ni mtu wa kanisa. Yule mama wa Nakonde karudi kulipa sweta, na kitenge kakipenda sana, kakichukua kwa bei nzuri. Hela imeshafika kwa Kobe.

Na mila za Ileje nimezilalamikia bure miaka yote hii. Baba mkwe haruhusiwi hata kunitazama. Atajuaje nimevaa nini?