Mishipa ya Were

Jumatatu, 8 Mei 2006
Daktari Indu wa Kilimani anasema presha yangu imepanda tena. Anashuku mishipa imekakamaa, kama mpira wa kumwagilia maji uliosahaulika juani. Jumatano niende mjini kwenye mashine ya kupima kasi ya mpigo wa damu. Mishipa ikiwa migumu, mpigo hukimbia. Sikumwambia kwamba niliacha dawa tangu Pasaka. Mashine itanisema.

Jumanne, 9 Mei
Nimepata njia. Were, mpangaji wangu hapa Waithaka, ni rika langu. Mwembamba, hukimbia kila asubuhi. Mjini hakuna anayenijua. Ataenda kwa jina langu. Amekubali, ila ananishangaa.

Jumatano, 10 Mei
Were amerudi akicheka. Anasema alilazwa kitandani, akaguswa shingoni na pajani, basi. Nimekula mbuzi kwa amani.

Alhamisi, 11 Mei
Daktari amepiga simu. Akapokea mke wangu, Wanjira. Ameambiwa mishipa yangu ni ya mzee wa miaka themanini, nipelekwe kesho bila kukosa. Wanjira akaniuliza polepole, "Baba Shiko, unataka kuniacha na nani?"
Niliogopa kufa. Kisha nikakumbuka si mishipa yangu. Nikafurahi kidogo. Halafu nikamwona Were dirishani, amebeba mtungi wa gesi begani, anapanda ngazi. Nikaogopa upya.

Ijumaa, 12 Mei
Nimemwambia Were. Hakunigombeza. Alikaa kwenye ngazi, akauliza, "Landlord, kwani nitakufa?" Nikamshika mkono hadi kwa Daktari Indu, nikakiri yote. Presha ya Were imeipita yangu, na hajawahi kupimwa maishani. Ameanza dawa leo. Daktari anasema huenda ulaghai wangu umemwokoa, ila asiusikie tena. Jumatatu nirudi kwenye mashine, mimi mwenyewe.

Jumapili, 14 Mei
Wanjira husimama mbele yangu nimeze dawa. Naificha chini ya ulimi. Kile kitanda cha mjini sikitaki kabisa.
Kanisani nimemtazama sana Kihara, mwalimu wa kwaya. Hali chumvi. Anaimba besi bila kuhema. Baada ya ibada nikamweleza kuna mashine mjini inayookoa watu, hata Were imemwokoa. Amependezwa. Ameuliza kama kesho abebe kitambulisho.
Nimemwambia changu kitatosha.