Kifo cha Bi. Winifred wa Whitby

Jumatatu, 2 Novemba 1981

Nimemuua Bi. Winifred. Sikuwa na njia. Tangu toleo la nne, ukurasa wa barua wa jarida letu la mashabiki wa mwigizaji Rowena Thackray umebebwa na huyu bibi wa Whitby, mpole, mwenye maneno matamu. Kasoro yake moja tu: ni mimi. Sasa Glenys Oddie, mhariri wa kijarida cha wapinzani wetu (wino wake unapaka vidole), ametangaza atapanda treni akamhoji. Nyumbani kwake! Nikaandika tanzia, nusu ukurasa. Mama, anayenichapia stensili za jarida, alifuta machozi, kisha akakumbuka marehemu hakuwahi kuwepo, akanisonya.

Jumanne, 10 Novemba

Balaa. Rambirambi kumi na tisa! Makala yangu kuhusu kofia zote alizovaa Rowena akiigiza Kapteni Velda haikupata barua hata moja. Namwonea wivu marehemu.

Ijumaa, 13 Novemba

Barua ya Rowena Thackray mwenyewe! Miaka sita namwandikia, napata picha yenye saini ya muhuri. Leo kurasa mbili, kwa mkono wake. Anamlilia Winifred. Anasema tamthilia yake ya Kapteni Velda ilipofutwa, simu iliacha kulia, akawa anakaa jikoni akisoma barua moja ya Winifred aliyoikata kwenye jarida letu: “Wiki ile nyumba ilikuwa kimya, na wewe peke yako ndiye uliyeongea kana kwamba kesho ipo.” Ameikunja na kuikunjua mpaka imechanika. Anauliza kaburi liko wapi, apeleke maua.

Nilikaa kitako sakafuni. Sentensi ile niliiandika wiki tuliyomzika Baba. Ni yangu. Kwa jina langu nisingethubutu. Nimelia kwa aibu.

Jumamosi, 14 Novemba

Mama hakunibembeleza. “Huyo dada wa watu anatafuta kaburi la kulilia, Desmond. Mwambie kweli.”

Nikaandika kweli yote, nikasaini jina langu. Kwenye sanduku la posta nikamkuta Glenys, macho mekundu. Akaniambia siku zote alinionea gere, siyo kwa jarida, bali kwa kuwa na msomaji kama yule. Akauliza, kwa sauti ndogo, kama Winifred aliwahi kumtaja. Nikasema sana, tena kwa heshima. Uongo mwingine! Ulitoka wenyewe. Alitabasamu vizuri mno. Barua nikairudisha mfukoni.

Jumapili, 15 Novemba

Nimepata! Winifred ana pacha, Mildred. Anaishi New Zealand, ambako treni ya Glenys haifiki. Mildred anamwarifu Bi. Thackray, kwa huzuni na adabu, kwamba majivu ya dada yake yalitawanywa baharini, kwa hiyo kaburi hakuna. Kisha kalamu ikanogewa. Kurasa nne, yote niliyotaka kumwambia tangu Baba atutoke. Sijawahi kuandika vizuri hivi. Ile barua yenye jina langu nimewashia moto sebuleni.

Mama kaisoma ya Mildred polepole, mpaka mwisho. Akakiri ni nzuri sana. Akaikunja, akanirudishia.

“Na huyu utamuua lini?”

Nimemwambia aache uchuro. Mildred ana afya njema.