Kiboko wa Mzee Zayd

Jumatatu, 5 Mei 2003
Mdomo wangu huu! Nimekwenda dukani kwa Mzee Hamoud, pale mtaani Jabe, kumwona binti yake Radhia. Nikamkuta mgeni, Mzee Zayd, kaka yake Hamoud, katoka Maskati. Analalamika. Kaja kuona viboko, na njia ya mbuga ya Rusizi imefungwa, kunapigwa risasi. Rayan, anayemtaka Radhia kama mimi, akashauri wangoje amani. Nikadakia kwamba viboko nitawaonyesha hapahapa mjini, ufukweni. Radhia akatabasamu! Mimi mwenyewe sijawahi kumwona kiboko.

Jumatano, 7 Mei
Ziwani. Cirimwami, mvuvi wa Uvira, kanicheka. “Apana, Idi. Kiboko anatokaga wakati yeye anataka. We utamuita kama mbuzi?”
Nitamwita. Kwa kabichi! Tumbo lile litakataaje?

Alhamisi, 8 Mei
Subhanallah!
Tulikwenda ufukweni na gari la Rayan, pamoja na Radhia na wazee wote wawili. Nikamwaga kabichi majini, nyingine nikaziacha kwenye buti la gari, wazi. Tukalikodolea ziwa macho. Hakuna kiboko. Mzee Zayd akapiga miayo. Rayan akacheka.
Ghafla, nyuma yetu: kraaa! Wote tukalala chini, kama tulivyozoea. Mimi wa kwanza.
Radhia akaninong'oneza: “Idi, ile si bunduki.”
Nikageuka. Kiboko! Mkubwa kuliko chumba changu! Kichwa kizima ndani ya buti, anatafuna, bati linakunjika kama karatasi. Halafu akainua kichwa. Akanitazama mimi.
Nilikimbia. Nikampita Mzee Hamoud. Nikamkanyaga Mzee Zayd mkono. Nikarukia mtumbwi wa Cirimwami, nikausukuma majini peke yangu. Nikawa katikati ya maji ndipo nikakumbuka viboko wanaishi wapi!
Kutoka huko nikaona: Radhia na Rayan wamemshika Mzee Zayd huku na huku, wanarudi nyuma polepole, mpaka nyuma ya ukuta. Hakuna aliyekufa. Alhamdulillah.

Ijumaa, 9 Mei
Baada ya sala Mzee Hamoud kanisimamisha mlangoni mwa msikiti, mbele za watu. “Uliacha wazee na mnyama, ukakimbia. Dukani kwangu usikanyage tena.”
Nimeduwaa! Mimi? Baada ya kuwaletea kiboko?
Sijala mchana. Jioni Asiya, dada yangu, kaniambia Mzee Zayd anatamani pia kuona chatu kabla hajaondoka. Na mtaa wa Mutakura kuna mtu anaye mmoja, ndani ya gunia!
Kesho nampeleka chatu huyo nyumbani kwa Mzee Hamoud, bila kuwaambia. Nyoka hana miguu. Atamkimbiza nani?